Mkaguzi kwenye Cherehani Yako

Omera, ndugu yangu Ochieng',

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya mafundi wote wa veranda ya Mzee Were (maana yake mimi peke yangu), nakutangazia rasmi kwamba nafasi yako imejazwa. Fundi mpya ni mwembamba, anavaa kijani, hana maneno mengi na wateja, na tangu aanze kazi hajatoboa hata tundu moja la kifungo. Anaitwa Mkaguzi. Ni kinyonga.

Tulia. Usianze kugeukageuka huko ulikolala. Hiyo suti uliyovaa nimeshona mimi, na mishono yangu unaijua.

Habari kama inavyosimuliwa sokoni ni hii. Wiki moja baada ya kukuzika kwenu Asembo Bay, nilifika veranda asubuhi, nikaondoa shuka niliyofunikia cherehani yako, na kumbe kuna mtu. Ameshika pale juu panapokaa uzi kwa vidole vyake kama koleo, jicho moja linanitazama mimi, la pili linatazama barabara. Ndiyo sababu nikamwita Mkaguzi. Na wewe ulikuwa hivyo hivyo: unapiga mshono huku unajua nani kapita, kabeba nini, na kwa nini anakwepa deni la salamu.

Mzee Were alitoka dukani na kikombe chake cha chai. Akasimama ghafla.

"Yawa! Hiyo ni nini?"

"Kinyonga, Mzee."

"Naona ni kinyonga! Nauliza, anatafuta nini kwa cherehani ya marehemu?"

Nikainua mabega. Nikasema, "Labda ametumwa." Basi, neno hilo moja tu. Kufika saa sita akina mama wa omena, wale wauza dagaa wa ng'ambo ya barabara, walikuwa wanaambiana kwamba Ochieng' amerudi kuangalia kama napiga pindo sawasawa.

Unajua sisi tulivyolelewa. Bibi zetu walituambia kinyonga ndiye aliyepeleka sadaka kwa Mungu ikafika imechafuka, na ndiyo maana watu tunakufa. Mwanamume wa kwetu anaweza kuingia ziwani na upepo unavuma, lakini akimkuta kinyonga njiani anazunguka kupitia shamba la mtu. Na mimi kati ya waoga hao nilikuwa mwenyekiti. Unakumbuka siku ile uliponiwekea kipande cha zipu ya kijani begani ukaninong'oneza, "Usitikisike"? Niliruka meza, pamoja na pasi yenye makaa iliyokuwa juu yake. Wewe ulicheka mpaka ukashika nguzo. Wiki nzima wateja waliniuliza lini nakwenda kukimbilia taifa.

Sasa huyo mruka meza ndiye anayelea kinyonga. Nimejifunza kwa kukosea, kama nilivyojifunza kola. Siku ya kwanza nilimpa ugali. Akautazama vile ulivyokuwa unatazama kola zangu. Nikampa omena, na omena nzuri, iliyokauka vizuri. Hakuna. Siku ya tatu nzi mmoja kutoka kwa wale akina mama alitua kwenye gurudumu la cherehani, na kabla sijamaliza kupiga mwayo, ulimi ulitoka ukarudi, nzi hayuko. Ochieng', ulimi ule ni mrefu kuliko wa yule mteja wako wa Pap Onditi aliyekuja kulalamika suruali inambana, na ni yeye amenenepa.

Kwa hiyo chakula kinajileta. Shida ilikuwa maji. Nilimwekea kwenye kifuniko cha soda, hakugusa. Nikamsogezea kifuniko mpaka mdomoni, akanipanulia kinywa, akageuka mweusi kama sufuria, na mimi nikajikuta nje barabarani bila kiatu kimoja. Macho yake yalianza kuzama. Ngozi ikalegea. Nikajua anakufa, na safari hii ni mikononi mwangu. Nilishona sketi za shule siku hiyo bila kujua nashona nini; moja ilitoka na mifuko miwili upande mmoja.

Kilichomwokoa ni pasi. Nilikuwa nimejaza maji mdomoni kama tufanyavyo, nikapuliza kwenye suruali ili nianze kunyoosha, na matone mengine yakaruka mpaka kwenye tawi la mpera nililomfungia kando ya cherehani. Jamaa akaanza kutembea. Unajua mwendo wao, mguu unakwenda mbele, unarudi, unafikiri, unakwenda tena. Akafika kwenye jani, akalamba tone. Akalamba la pili. Miaka yote uliniambia napuliza maji mengi kama mvua ya Aprili. Basi mvua hiyo ndiyo inamnywesha. Kila asubuhi napuliza majani kwanza, suruali baadaye. Halafu namwacha apate jua kidogo, kabla halijawa kali.

Mengine yaliyobadilika: ziwa limefunikwa na gugumaji. Ukisimama pwani unaona shamba la kijani mpaka mbali, na mashua zimekwama ndani kama ng'ombe kwenye tope. Ulikuwa unajisifu kwamba siku moja utavuka kwa miguu mpaka upande wa pili. Umeondoka mapema, bwana. Ungejaribu sasa. Mitumba nayo imejaa mpaka milangoni. Mtu ananunua koti la Mzungu, ananiletea nilipunguze mikono. Nimekuwa fundi wa kupunguza Wazungu.

Na kiti chako, kila mtu alikiulizia. Wafula, yule fundi aliyehamia kutoka Magharibi, alikuja na tepu yake shingoni na tabasamu lake. "Fundi, hapa mimi nitakaa kidogo tu." Akavuta kiti. Mkaguzi akazungusha jicho moja, pole pole. Wafula alirudisha kiti mahali pake kwa adabu ambayo sijawahi kuiona, akasema amekumbuka kitu nyumbani. Mzee Were mwenyewe, aliyekuwa anataka cherehani iingizwe stoo ili akodishe nafasi, sasa anapitia mlango wa nyuma. Nilikuwa nacheka, Ochieng'. Kila jioni naifunika cherehani yako, namhamishia Mkaguzi upande wangu kwa kushika tawi kwa kitambaa, naenda nyumbani nimeshinda.

Sasa nifike kwa Mama Pamela.

Miezi mitatu hivi baada ya mazishi, mke wako alianza kupita hapa kila Jumanne na kikapu chake. Anasimama ng'ambo ya barabara, ananisalimia kwa sauti, "Shemeji, uko?" Nami namjibu, "Niko, Mama Pamela, nawe?" Anatazama cherehani. Anatazama tawi. Anaondoka. Jumanne nne hivyo. Nikasema, huyu naye anaogopa kama wengine, au labda kuona cherehani kunamuumiza. Sikuvuka barabara kumuuliza. Hilo nikumbushe, nami najikumbusha kila siku.

Jumanne ya tano alisimama muda mrefu zaidi. Kisha akapaza sauti mbele ya akina mama wote wa omena:

"Shemeji! Mimi nimejifunza kushona kwa mama mmoja Kombewa. Miezi mitatu nimejifunza. Nilitaka kuja kukaa kwa kiti cha mume wangu, nifanye kazi. Lakini nimeona kuna mtu amekaa. Kama ni Ochieng' amekataa, niambie tu, nitafute kwingine."

Nikatoa sindano mdomoni, nikaichomeka kwenye kola ya shati langu.

Ochieng', hapa ndipo habari rasmi inaishia. Mkaguzi hakuja mwenyewe. Hakutumwa na mtu.

Siku ya mazishi, watu wakiwa bado wanakula, Mzee Were alinivuta pembeni akaniambia amepata mtu wa kuweka kwenye nafasi yako. Alisema kwa upole, si mtu mbaya. Lakini nilihisi kama ni mimi naondolewa. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilizunguka boma lenu nikuage, na kwenye ua, karibu na udongo wako ambao ulikuwa bado mbichi, nikamkuta yeye. Mguu mmoja umeinuliwa, kama anayesubiri kuambiwa aende wapi. Nilimwogopa. Nikavua koti, nikamfunika nalo, nikamwingiza kwenye mkebe wa biskuti ulionipa wa kuwekea vifungo, ambao nilikuja nao na vifungo vya suti yako, nikautoboa kwa msumari apate hewa. Nilijua watu wetu watakimbia. Nilitaka wakimbie. Wiki nzima nilimficha nyumbani, kisha asubuhi moja nikamweka mwenyewe juu ya cherehani yako, kwa mkono wangu huu, nikajifanya nimeshangaa. Sikuweza kuvumilia kuona mgongo wa mtu mwingine kwenye kile kiti.

Na mgongo niliokuwa naufukuza ulikuwa wa mke wako.

Nikavuka barabara. Nikamweleza yote, pale pale, samaki wakiwa mashahidi. Nilitegemea anitukane, na nilikuwa tayari. Mama Pamela alinitazama, akatazama tawi, akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kukunja tumbo, mpaka machozi.

"Ochieng' aliniambia wewe ni mwoga," akasema. "Hakuniambia woga wako una akili."

Kisha akafuta macho na leso. "Sasa toa mtu wako. Mimi nafanya kazi."

Nilimhamisha Mkaguzi kwa mikono mitupu, hiyo nayo iandikwe, tawi na yeye wote, mpaka upande wangu wa veranda. Mama Pamela akakaa. Akapangusa gurudumu, akapitisha uzi, akakanyaga pedali. Ikalia, Ochieng'. Ule mlio wa pedali yako, kwii, kwii, ambao nilikusihi miaka yote utie mafuta ukakataa. Nilijaza maji mdomoni haraka nikapuliza kwenye suruali ambayo nilikuwa nimeshamaliza kuipiga pasi, nikapuliza tena, uso wote ukawa maji, ili nisiulizwe.

Kola yake ya kwanza imetoka juzi. Ni nzuri kuliko zangu. Nimemwambia ni ya kawaida tu, asijivune mapema.

Mkaguzi nitamrudisha Asembo mvua zikianza, niuache mkebe wazi kwenye ua ule ule, nikae nawe kidogo. Na nakuahidi hivi: hiyo pedali sitaitia mafuta, na kiti hicho hakuna atakayekigusa isipokuwa yeye, hata kama itabidi nimtafute nyoka.

Pumzika, ndugu yangu. Kunja mguu taratibu, goti la kulia la hiyo suruali sikulimaliza vizuri.

Wako wa cherehani ya pili,
Mruka Meza