Mchele Umefika, Wewe Uko Wapi?

Kijiji cha Watugede,
Ponorogo,
14 Julai.

Mpendwa Dada Wartini,

Salamu tele kutoka nyumbani. Habari za huko Taiwan? Yule bibi unayemtunza anaendeleaje, na mgongo wako je? Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakununia hadi jioni. Mwanao Kinar ameng'oka meno ya mbele, sasa anacheka ovyo ili watu waone mapengo.

Dada, ile nafasi ya kazi uliyoniombea huko, mpe mwingine. Usikasirike kwanza, soma.

Nimepata kazi, na sijatoka hapa kijijini. Napokea simu za hoteli moja ya Surabaya: mtu anapiga kutafuta chumba, mimi namwandikisha kwenye kompyuta. Mtandao unashika nyuma ya banda la kuku tu, basi ofisi yangu iko huko. Walinipa wiki ya majaribio, na sharti lao kubwa lilikuwa utulivu.

Wiki hiyohiyo jirani yetu Mama Painem akawa anamwoza bintiye. Unajua mwenyewe mambo yetu: maspika yanarindima tangu alfajiri, na wanawake wote wako kwenye rewang, wanapika pamoja mpaka harusi iishe. Nikajifanya mjanja. Nikapeleka mchele, tena wa kutosha, nikarudi kwa kuku wangu.

Kesho yake Mama Painem akanifuata hadi bandani, mikono imejaa manjano.

"Lesti, mchele umefika. Wewe uko wapi?"

Niliona aibu, Dada, acha tu. Nikamweleza habari ya simu huku machozi yananilengalenga, maana nikiikosa kazi hii ni kuja huko uliko, na Mama na Kinar nitawaacha na nani? Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huo mtandao wako hauhami?"

"Hauhami, mama."

"Basi tutahama sisi."

Saa hiyohiyo wamenya vitunguu wote wakaja na mikeka yao nyuma ya banda letu. Simu ikiita, Mama Painem anainua mwiko juu, mumewe kule anazima muziki, na wanawake wanabana midomo. Mimi namenya huku naongea na wateja. Sijawahi kuwapenda majirani zetu namna ile.

Siku ya mwisho ya majaribio akapiga Bwana Hendro, msimamizi wangu. Mara jogoo akarukia ungo wa vitunguu, na kicheko walichokizuia siku zote kikawatoka kwa pamoja. Akaniuliza niko wapi. Nikaona liwalo na liwe.

"Niko kwenye rewang, bwana. Namenya vitunguu."

Naye akanijibu:

"Hata kwetu kuna rewang. Usingeenda, mama yangu angenilaumu mimi. Siku nyingine omba ruhusa mapema. Kazi ni yako."

Mama Painem alinikumbatia, nikanuka manjano siku nzima.

Sasa lililobaki. Bwana Hendro ameniuliza kama namjua mwingine mwenye sauti ya upole. Nimekutaja wewe, anasubiri jibu lako. Kinar alikuwa karibu, akasikia. Tangu jana anafagia upande wa pili wa meza yangu, na hataki kuku hata mmoja akanyage pale.

Mama anakusalimu, na Mama Painem, na bibi harusi Sulastri. Mungu akulinde na akufungulie njia ya kurudi.

Mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Lesti