Sahani ya Nadhiri

Muheza, 9 Septemba 1956

Kwa dada yangu Mwatumu,

Shikamoo dada. Natumai u mzima, na shemeji na watoto hawajambo. Mimi kifua kimepoa, alhamdulillahi. Daktari amenitoa kwenye chumba cha brashi, hataki nivute tena lile vumbi la mkonge. Tangu Jumatatu naanika nyuzi uwanjani.

Usinitumie kitu. Sasa ni mtu wa kazi.

Ndugu yako,
Uweso

Kigombe, 16 Septemba 1956

Kwa mdogo wangu Uweso,

Marahaba. Sisi wazima, ila shemeji yako jino linamsumbua, naye anatusumbua sote. Habari ya kupona kwako nimeifurahia mpaka nimelia. Lakini barua yako fupi mno, na wewe tangu utoto ukikosa maneno una njaa. Mselem, huyu anayeleta samaki huko kwa baiskeli, kaniambia suruali umeifunga kwa kamba. Nambie kweli, unakula nini?

Dada yako,
Mwatumu

Muheza, 21 Septemba 1956

Kwa dada yangu,

Shikamoo, na poleni kwa jino. Mselem ana mdomo, lakini kasema kweli.

Nilipokuwa mgonjwa, shamba lilinipa posho, unga na maharage. Majirani nao walileta sahani, Bi Sabiha kuliko wote, yule mjane wa fundi cherehani. Nilipoingia kazini posho ikakatwa, kwa kuwa nimepona. Sahani nazo zikakoma. Nani atampelekea chakula mwanamume anayekwenda kazini? Ni kama kumtukana. Na mshahara hautoki mpaka kipande, ile kadi ya kazi, kijae siku thelathini, na siku kifua kikinibana nikalala, hiyo haihesabiwi.

Yaani nikiugua nala, nikifanya kazi nashinda njaa. Jana nilianguka uwanjani. Msimamizi kasema nikianguka tena nirudi kwetu, nafasi apewe mwenzangu. Kazi hii naitaka, dada. Lakini kwenda kugonga mlango wa jirani na kibakuli mkononi, hilo siliwezi.

Ndugu yako,
Uweso

Kigombe, 23 Septemba 1956

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Salamu ndefu wakati mwingine, Mselem ananisubiri na samaki wataoza.

Ulipokuwa kitandani niliweka nadhiri, Mungu akikuinua nitakulisha mpaka upokee mshahara wako wa kwanza. Nampelekea Bi Sabiha samaki na unga wa muhogo, akupikie. Sahani hiyo si huruma ya jirani, ni haki ya Mungu iliyo shingoni mwangu. Ukiirudisha, dhambi ni yangu mimi. Kula, baba.

Dada yako akupendaye,
Mwatumu

Muheza, 6 Novemba 1956

Kwa dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kimya changu kilikuwa cha mtu aliyeshiba. Kipande kimejaa, na Jumamosi nimepokea mshahara. Mselem atakuletea doti ya kanga, maua nimeyachagua mwenyewe, usicheke.

Dada, najua hukuweka nadhiri yoyote. Ungeiweka, Kigombe nzima ingekuwa na habari kabla mimi sijainuka kitandani. Nilijua tangu sahani ya kwanza, nikala, kwa njaa na kwa kukupenda. Mungu akusamehe uongo ule, maana ndio ulioniweka kazini.

Jana nilimrudishia Bi Sabiha sahani yake. Nikamshukuru, nikamwambia nadhiri ya dada imetimia. Leo nimetoka kazini nikaikuta mlangoni, imefunikwa kawa, ndani wali wa nazi na kuku. Nikaenda kumwuliza. Alikuwa anafagia, hata hakuinua macho.

"Ile ilikuwa ya dada'ko," akasema. "Hii yangu."

Nikarudi nyumbani nikala. Njoo Muheza, dada, uje na shemeji. Mimi nataka kumwoa Bi Sabiha, na maneno kama haya husemwa na wakubwa.

Ndugu yako,
Uweso