Ile miaka mitupu ya Annonciata

Mama Josué, mi bado sijaamini.

Leo nimemusindikiza mjukuu wangu Annonciata Lilongwe, kwa ile kampuni ya washauri wa biashara, aulize kwa nini bamekataa CV yake. Alivaa ile blouse ya bleu uliyomushonea.

Dada wa pale akaangalia kwenye ile mashine ya ordinateur tu. Akasema, "CV zinakuja nyingi, hatusomi zote. Mashine inatupa kwanza zile zenye miaka mitupu. Yako iko na miaka miwili bila kazi."

Miaka mitupu! Mama Josué, miaka mitupu!

Njo ile miaka tulikimbia vita ya Uvira. Njo ile alimuzika mama yake njiani, akanibeba mgongoni pale miguu yangu ilikataa, mpaka tukafika huku Malawi, kambi ya bakimbizi ya Dzaleka.

Nikataka kumuambia yule dada. Annonciata akanifinya mukono. "Koko, nyamaza."

Inje nikamuuliza, "Kwa nini haukuandika ile yote?"

"Koko, pale banauliza jina ya patron, ule alikupa kazi. Ningeandika nani?"

Nikasema, "Andika mi."

Akacheka. Halafu machozi ikamushuka, palepale katikati ya bantu ba mtaa wa Old Town.