Siku Niliyoiangusha Droni ya Mpunga

Mama,

Nimefanya kituko, Maparoni nzima inacheka, na wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe.

Msimu huu hatukukaa juu madunguni kuamia ndege wasile mpunga. Umekuja mradi na droni, kidude kinachoruka na kuvuma, kinawafukuza kwelea kwelea bonde zima kabla sisi hatujafunua kinywa. Waamiaji tumeambiwa tupumzike, na kila mwezi kila kaya inatumiwa posho kwenye simu. Bure kabisa. Sikudanganyi, inasaidia. Mjukuu wako Mwanahawa amepata miwani, sasa anaona ubaoni.

Lakini mwili haujui kwamba umepumzishwa. Alfajiri naamka, nafagia uwanja, nafagia tena. Juzi nikashindwa, nikapanda dungu letu, nguzo zake bado imara, nikakaa upande wako. Kidude kikashuka juu ya mpunga wetu, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kombeo. Donge moja tu la udongo! Kikaanguka matopeni. Nilipiga kigelegele, Mama. Halafu nikaona haya, nikalia, maana shabaha ile ni yako, ulinishika kiwiko ukisema, "Usimtazame ndege, tazama anakokwenda."

Nimewaomba radhi wenye mradi. Wamesamehe, ila Ijumaa wanataka nisaini kwamba msimu wa ndege sitakanyaga tena shambani, la sivyo posho inakatwa. Kaka Seif kila akipita ananiambia, "Saini, dada'angu, we shida waitakia nini?"

Situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui naenda wapi. Na kinachoniuma si mashine. Wewe ulipiga kelele kwenye bonde hili mpaka sauti ikakauka, ukafa hujapumzika hata msimu mmoja, na hakuna aliyekutumia chochote. Pesa hii ilikuwa haki yako. Nitaikataaje? Na shamba umeniachia wewe. Nitaliachaje?

Basi Ijumaa nitakwenda, na kalamu sitaishika. Nitawaambia posho naitaka na shambani nitaingia, wasinichagulishe. Nitaogopa, unanijua. Lakini nakuahidi, Mama, sitanong'ona.

Kwa heri, mama yangu. Mola akupanulie kaburi lako. Kupumzika nimekuachia wewe.

Mwanao,
Siwema