Nimeosha Sahani Namba Kumi na Nne

Jumatano, 26 Novemba. Ufukoni, Mtwara. Joto kali. Mawingu yamejikusanya tangu asubuhi na hayajadondosha hata tone.

Leo nimegundua kwamba nimefuta jina la babu yetu kwa sabuni ya kipande.

Niandike kwa utaratibu, maana nikiuacha utaratibu nitaanza kulia tena.

Tangu mwezi uliopita ninafanya kazi ya muda kwa mtafiti kutoka chuo kikuu kimoja cha Ulaya, Dokta Marit. Anachunguza mahusiano ya zamani ya Ulaya na Asia, na amekuja kuyatafuta Mikindani, ndani ya makabati ya bibi zetu. Sahani tunazoziita za Kichina, anasema, nyingine zilitengenezwa Ulaya. Viwanda vya huko viliiga maua ya Asia ili viuze Asia, kisha wafanyabiashara wa Kihindi wakazileta huku kwetu. Kazi yangu ni kuazima sahani, kuiosha, kuipiga picha mbele na nyuma, kuipa namba na kujaza fomu. Namba moja hadi kumi na tatu hazina kasoro hata moja. Nilikuwa najivunia.

Namba kumi na nne ni ya Bi Somoe, mdogo wake bibi mzaa mama. Tangu utoto wangu sahani hiyo imefungwa kwenye kanga ndani ya kasha lake, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Jumatatu nilipomwomba nilijiandaa kukataliwa. Akanipa bila hata kuuliza itarudi lini. Nilishangaa, lakini sikuuliza kwa nini.

Jana nikaigeuza. Kitakoni, kuzunguka muhuri wa kiwanda, kulikuwa na mistari mitatu ya herufi za Kiarabu, rangi ya kahawia iliyofifia. Mimi nimekunywa kombe mara tatu maishani. Shekhe anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, maandishi yanayeyushwa kwa maji na marashi, mgonjwa anakunywa. Kwetu, maandishi ya kwenye sahani huandikwa ili yaoshwe. Nikasema moyoni, hili ni kombe la zamani, mgonjwa hakuliwahi. Nikapiga bismillahi, nikaosha. Maji matupu hayakutosha, nikaongeza sabuni. Maji yote nikayakinga kwenye beseni na kuyamwaga shinani mwa mkomamanga wetu wa uani, yasije yakakanyagwa.

Nilijiona mwenye adabu.

Picha ya kabla sikupiga. Niliona aibu kupiga picha dawa ya mtu.

Leo asubuhi Dokta aliipeleka sahani dirishani, akaimulika kwa tochi kutoka ubavuni. Akaizungusha taratibu. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taarifa ya habari: "Ni nani aliyeandika kwa wino nyuma ya sahani hii?"

Nikaanza kumweleza habari za kombe. Katikati ya maelezo nikajisikia nikisema: shekhe anaandika ndani ya sahani.

Ndani. Upande wa mbele, penye kina cha kushika maji.

Hakuna anayeandika kombe kwenye kitako.

Niliinama kwenye mwanga wa tochi. Vivuli vya herufi vilikuwa vimebaki vipande vipande, na neno moja tu likasomeka, kwenye mstari wa kwanza: bin. Mwana wa. Baada ya hapo, weupe.

Dokta hakunigombeza. Alisema tu kwamba kwa miaka mingi amekuwa akitafuta sahani ya Ulaya yenye mwandiko wa mtu wa Asia. Afadhali angenigombeza.

Nakiri hapa: fomu ina sehemu ya "Maandishi", na kalamu yangu ilitaka kuandika "Hakuna". Kwa leo ingekuwa kweli.

Saa nane nikaenda kwa Bi Somoe. Nilimkuta anachambua mchele. Kabla sijakaa akauliza, "Wamesoma?"

Kumbe! Ndiyo maana aliitoa.

Maandishi yalikuwa ya babu yake. Alikuja kijana kutoka pwani ya Gujarati, akaoa Mikindani, na huku wakamwita Mhindi tu mpaka akafa. Jina lake, la baba yake na la kijiji chao aliyaandika pale, ili wajukuu wakitaka kuwatafuta ndugu wajue pa kuanzia. Bi Somoe alishindwa kuusoma mwandiko ule. Kumpa mtu wa mtaani aisome aliogopa, isije ikaonekana ukoo umetokana na mtumishi wa tajiri fulani. Sasa ni mtu mzima sana, haogopi tena. Alitaka kujua tu.

"Nimeiosha, Bibi."

"Umeosha nini?"

"Maandishi. Nilidhani ni kombe."

Ungo ukatua chini. "Mimi nakupa isomwe, wewe unaiosha kama sahani ya ubwabwa! Na shule yote ile tuliyokusomesha?" Akanitazama. "Maji umemwaga wapi?"

"Kwenye mkomamanga."

"Basi mkomamanga wenu unamjua babu yangu kuliko mimi."

Akacheka. Kicheko kikamgeukia katikati, akajifunika uso kwa upande wa kanga. Hata msibani kwa bibi sikumwona akilia.

Wakati naondoka aliniita nikiwa mlangoni. "Kesho rudi. Nitakwambia machache niliyoyasikia kwa baba. Uje na kalamu isiyofutika. Sabuni iache kwenu Ufukoni."

Nimeshajaza fomu. Maandishi: yalikuwepo, mistari mitatu. Yamefutwa kwa sabuni na msaidizi wa utafiti. Nikaweka jina langu kamili na la baba yangu, kama fomu inavyotaka.

Jina langu litahifadhiwa Ulaya. La babu yetu nimeumwagilia mkomamanga.