Nyonga Yangu Ipasuliwe Nyuma ama Kando?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniharakishie, kwa sababu mwezi ujao natakiwa kupasuliwa nyonga na furaha imenijaa hadi nasahau chaki mfukoni. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Kitengela, niko na miaka hamsini na nne, nimechechemea miaka sita, na nilikuwa nimekubali kwamba shamba letu la Illasit nitalilima kwa kuelekeza watu tu, lakini daktari mmoja wa Nairobi ameniambia kichwa cha mfupa wangu wa paja hakitakatwa, kitachongwa kidogo na kuvalishwa kofia ya chuma, na nitatembea, mshauri, hata kupanda mlima. Shida ni njia. Yeye hupasulia nyuma, upande wa makalio, na nilikubali kabla sijakumbuka kwamba nesi wa zahanati yetu atakayenibadilishia bandeji ni Kalekye, mke wa mwanangu Munguti, na sisi Wakamba tunavyoheshimiana na mkaza mwana, nitalala kifudifudi mbele yake namna gani? Kwa hivyo nilimpigia daktari nikamwomba apitie kando, nikamdanganya eti nyuma niliwahi kuungua, naye akasema kando si njia aliyoizoea, nifikirie ama nitafute mwingine. Mke wangu Ndunge ananiuliza, "Baba Munguti, ni wewe unapasuliwa ama ni suruali?" Nifanye nini?

Kasyoki, Kitengela

Mwalimu Kasyoki,

Nimefurahi nawe, kisha nikakukasirikia. Njia zote mbili hufika kwenye nyonga. Anayepitia nyuma hutenganisha nyama za makalio na kuiacha misuli ya kando, ile inayokushika wima ukiinua mguu mmoja. Baadaye utakatazwa kuchuchumaa na kuinama sana kwa wiki kadhaa, nyonga isichomoke. Anayepitia kando hufungua sehemu ya misuli hiyo, na wengine huendelea kuchechemea kwa muda hadi ishike tena. Kila njia iko na madaktari wake wazuri. Lakini wewe unamwambia mtu wa mkono wa kulia aandike kwa kushoto, na daftari ni mfupa wako. Na hata akipitia kando, mwalimu, suruali itavuliwa tu.

Huo uongo wa kuungua ndio mbaya zaidi. Kovu hubadilisha mpango wa daktari. Umempa hesabu yenye tarakimu ya kubuni, na wewe ungemchapia mwanafunzi alama ya sifuri.

Sidharau heshima yenu. Ilinde kwa njia nyingine. Ndunge aende zahanati wiki hii, Kalekye amfundishe kufunga bandeji. Ukirudi nyumbani, Ndunge akufunge bandeji chumbani, naye Kalekye akae sebuleni ajibu maswali kupitia mlango. Nyuzi zikatolewe Nairobi. Fundi akutengenezee kiti cha juu cha kuweka chooni kabla hujaondoka.

Sasa weka gazeti chini, umpigie daktari umwambie hujawahi kuungua, na apitie nyuma.