Mulango wa Mama Nabindu

Baraka, Jumatano, mangaribi

Niligombeza bantu bure. Muzee Lukele alianguka toka juu ya mungazi, muti wa mawese, kule milimani Fizi, mugongo ukaumia, na jamaa yake bakatembea siku mbili kwa njia ya siku moja. Nilikasirika sana. Hapa ku hospitali yetu hatupasue mugongo, munganga wa kazi hiyo iko Bukavu, na bao banakawia njiani!

"Sitwayen munganga," bibi ya muzee, mama Nabindu, akanijibu pole pole, "ku kiti cha tipoye, chenye banabeba ku mabega, mugongo unakunjama. Niling'oa mulango wa nyumba, tukamulalisha pale. Kila alipolia, tulisimama."

Nikamugusa muzee nyayo. Kidole cha muguu kikatikisika: mishipa ya mugongo haijakatika yote.

Kesho boti itamupeleka Uvira, kisha gari mpaka Bukavu, palepale juu ya mulango. Kama atatembea tena, sijui.

Nyumba yao iko wazi leo, na mi nilimuuliza mama sababu gani alichelewa.